Gitaa Jeupe la Makambako

Miaka ile soko huria liliposhika kasi na maduka yakajaa vitu ambavyo wazazi wetu walivisikia tu kwenye hadithi za watu waliosafiri, kwaya yetu ya Njombe ilipatwa na tamaa ya kurekodi kanda. Kwaya za Iringa zilikuwa zimerekodi. Kwaya za Mbeya zilikuwa zimerekodi, na kanda zao zilipigwa kwenye mabasi na kwenye vibanda vya chipsi, na karibu kila moja ilianza na gitaa la umeme likiwatangulia waimbaji. Sisi tulikuwa na ngoma, kayamba, na gitaa langu la kawaida la mbao, ambalo mtu akikaa mabenchi ya nyuma kanisani hakulisikia tena.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kupiga gitaa nilijifunza nikiwa bwenini Uwemba, kwa sista mmoja aliyekuwa akitufundisha jioni baada ya kazi za shamba. Katika kwaya nilikuwa mpiga gitaa kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo kiongozi wetu wa kwaya, karani mstaafu wa mahakama ambaye hata nyimbo za furaha alizisimamia kama anasikiliza kesi, aliponigeukia baada ya mazoezi na kusema, "Mwalimu, tutafutie gitaa la umeme," sikuwa na pa kukimbilia.

"Nitalipata wapi, Mzee?"

"Wanasema sasa hivi kila kitu kiko kwenye intaneti."

Alisema kama mtu anayesema kila kitu kiko Dar es Salaam. Wala yeye wala mimi hatukuwa tumeiona hiyo intaneti.

Mume wangu ndiye aliyejua pa kuanzia. Yeye ni mtu wa Matembwe, amekulia kwenye mbao, na siku zile alikuwa akinunua mbao huko Lupembe na kuzipeleka Makambako kwa lori la kukodi. Aliniambia kuna mfanyabiashara wa vipuri vya magari pale njia panda, mtu wa Kondoa, ambaye nyuma ya duka lake amefungua chumba chenye kompyuta. Watu wote walimwita Haji, kwa kuwa alikwisha kuhiji.

Nikaenda Jumamosi moja, nimekaa mbele kwenye lori, kati ya dereva na mume wangu. Njombe tuliiacha kwenye ukungu, tukafika Makambako kwenye upepo na vumbi, kama kawaida. Haji alikuwa amevaa kanzu na juu yake koti zito la mtumba. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanipeleka nyuma, tukapita katikati ya mikanda ya feni na vichujio vya mafuta hadi kwenye chumba kidogo kilichonukia grisi na udi.

Kompyuta ilikuwa ikiunganishwa kwa waya wa simu. Haji aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akitazama kila herufi kabla ya kuibonyeza, kwenye ukurasa wa duka fulani la Dubai ambalo mdogo wake alikuwa akifanya kazi jirani nalo. Picha zilishuka taratibu kama pazia linaloteremshwa na mtu aliyechoka. Kwanza kichwa cha gitaa, kisha shingo, kisha tukasubiri. Nikanywa chai nzima kabla sijaona mwili wake.

Kulikuwa na magitaa mengi. Moja lilikuwa la bluu, bluu laini kama anga la Njombe siku ukungu unapoondoka, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko mengine yote. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa. Kama ni zuri, mbona rahisi? Na kama ni baya, mbona wamelipiga picha vizuri hivyo?

"Soma maelezo, Mwalimu," Haji akasema. "Mali husomwa maelezo."

Nikasoma Kiingereza chao kwa sauti, kisha nikamtafsiria. Gitaa la umeme, nyuzi sita, shingo imefungwa kwa skrubu, lina pikapu tatu.

Haji akavua miwani. "Pikapu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Pikapu naziuzia vipuri kila siku. Tatu zinaingiaje kwenye gitaa?"

Sikujua. Baadaye niliambiwa ni vinasa sauti vya chini ya nyuzi; gitaa la Uwemba halikuwa na hata kimoja. Chini yake walisema kwamba kitendo cha gitaa hilo kiko chini, na wakakisifu kitendo hicho. Nilikuwa na kamusi ndogo kwenye mkoba. Nikaifungua, "action" yao ikabaki kuwa kitendo; sikujua kwamba kwa wapiga gitaa ni kimo cha nyuzi juu ya shingo. Haji aliniuliza kama ni jambo jema kitendo kuwa chini. Nikamwambia kwa watu ingekuwa aibu, lakini kwa gitaa wanaonekana kujivunia.

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyesoma, na yeye ndiye mfanyabiashara, na wote wawili tulikuwa hatujui tunachonunua. Nikasema, "Tuagize la bluu." Mdogo wake angelilipia kule na kulipakia pamoja na vipuri. Nilimkabidhi Haji michango ya kwaya na fedha zangu za kuuza viazi, tukapeana mikono.

Vipuri vile vilikawia. Mahindi yalipandwa, yakaota, tukayapalilia, na kila Jumapili kiongozi wa kwaya aliniuliza kwa macho tu. Hatimaye mume wangu akarudi siku moja kutoka Makambako na kusema, "Kifurushi chako kimefika. Kirefu kama jeneza la mtoto."

Nilipofika dukani Haji alikuwa amekiweka bila kukifungua. Akaleta kisu mwenyewe, akakata utepe wa gundi kwa uangalifu, akafunua. Ndani kulikuwa na gitaa jeupe.

Si la bluu. Jeupe, kama maziwa.

"Haji, hili si langu."

"Ni lako. Jina la duka ni lile lile."

"Niliagiza la bluu. Wewe mwenyewe uliliona."

"Niliona bluu," akakiri, na uso wake ukaingia wasiwasi, kwa sababu sifa ya duka lake ilikuwa uaminifu. Akaniita nyuma, akafungua ule ukurasa. Tukasubiri pazia lishuke. Gitaa likatokea: bluu. Akawaita vijana wawili wanaopakia matairi. Nao wakasema bluu. Dereva mmoja wa lori la Songea akaja, akasema bluu. Haji akaanza kuongea kwa hasira juu ya Dubai na juu ya mdogo wake.

Wakati anasema, mteja tuliyemwondoa kwenye kompyuta alikuwa amesimama kando akisubiri kurudi kwenye picha alizotumiwa. Haji akampisha. Ilikuwa harusi ya ndugu yake. Bibi harusi amevaa shela la bluu. Keki ya bluu. Bwana harusi akicheka, na meno yake yote ni ya bluu.

Nilitazama picha ile muda mrefu. Kisha nikamtazama Haji. Haji akamtazama bwana harusi.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Ni kioo cha kompyuta yangu. Kila cheupe kinakifanya bluu."

Basi gitaa lilikuwa jeupe tangu mwanzo, na sisi sote, na wapakiaji, na dereva wa Songea, tulikuwa tumelipenda kwa rangi ambayo halikuwa nayo. Nililichukua. Ningefanya nini? Lakini njiani nilijisikia kama mtu aliyeposwa na mmoja akaolewa na mwingine.

Nyumbani nililiweka mapajani, nikapiga. Sauti ilikuwa ndogo, kama mbu ndani ya chandarua. Mume wangu akasubiri kidogo, akidhani bado nalitengeneza.

"Ndiyo hiyo sauti yake?"

"Linahitaji amplifaya, Baba. Bila umeme halisemi."

Akaliomba. Yeye hana habari na muziki, ila akishika kitu cha mbao lazima akigonge. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akalinusa, akaleta bisibisi na kufungua kibati pale shingo inapoungana na mwili. Akachungulia kwa tochi.

"Mama, hii si mbao."

"Ni nini?"

"Plaiwudi. Tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa na gundi. Angalia." Nikaangalia; kweli, kama kurasa za kitabu zilizobanwa. "Mimi hii nisingetengenezea hata mlango wa banda la kuku. Kwa bei hiyo ningekukatia mti mzima wa msindano, ukabaki na ubao wa kitanda."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amenihurumia, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza. Nililala nikijiuliza kama gitaa la umeme linahitaji mbao nzuri hasa, maana sauti haitoki kwenye mbao, inatoka kwenye waya. Au inatoka kwenye mbao kwanza halafu inaingia kwenye waya? Sista wa Uwemba alitufundisha nyimbo, haya hakutufundisha.

Jumatano tukalijaribu kanisani. Amplifaya ya kanisa ilikuwa ya zamani, ile ya kusomea matangazo, na spika zake zilitundikwa juu ukutani. Nikachomeka waya. Kabla sijagusa uzi wowote, kanisa zima likaanza kuunguruma, mngurumo mzito kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikishika nyuzi, mngurumo ulipungua. Nikiziachia, ulirudi. Kiongozi wa kwaya alikunja uso.

"Piga hivyo hivyo," akasema.

Nikapiga. Wimbo ulikwenda vizuri hadi kiitikio, na hapo ndipo sauti ya mwanamume ilipotokea ndani ya spika. Haikuwa ya mtu yeyote kati yetu. Ilikuwa sauti nzito, iliyovurugika, kama mtu anayeongea amejaza viazi vya moto mdomoni. Ilisema maneno, ikanyamaza, ikasema tena. Wanakwaya waliacha kuimba mmoja mmoja. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alipiga ishara ya msalaba na kurudi nyuma hadi akagonga madhabahu.

Nikachomoa waya. Sauti ikakatika.

Nikachomeka. Mngurumo, kisha ile sauti.

Ni mimi niliyekumbuka kwamba nyuma ya ukuta, ofisini kwa parokia, kulikuwa na redio ya upepo waliyokuwa wakiwasiliana nayo na vituo vya mbali. Nikatoka mbio kuchungulia dirishani: katibu wa parokia alikuwa ameishika, akiuliza habari za mifuko ya saruji. Nilirudi kueleza, lakini maelezo yangu hayakusaidia. Wengine walisema gitaa lenye kuongea habari za saruji katikati ya wimbo wa Mungu halifai, hata kama sababu inajulikana.

"Bovu," akahukumu kiongozi. "Lirudishe."

Nikalirudisha. Haji alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, mikono nyuma.

"Mwalimu, kitu kikirudishwa kwangu nakijaribu mbele ya aliyekirudisha. Ndiyo desturi yangu."

Alikuwa akiuza na redio kubwa za spika mbili, mojawapo yenye tundu la kipaza sauti. Tukaichomeka kwenye umeme wa duka, nikachomeka gitaa. Kimya. Nikadhani limekufa kabisa. Nikagusa uzi mmoja.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa safi, ndefu, ikakaa hewani juu ya maboksi ya vichujio na haikutaka kuondoka. Nikapiga wimbo wa kanisani, kisha, kwa vile vidole vilikuwa vimeshapata moto, nikapiga wimbo wa Kibena ambao mama zetu huimba wakipalilia. Wapakiaji waliweka matairi chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndizi alisimama mlangoni, akasalimu Kibena, "Kamwene!" kwa sauti ya mshangao, kana kwamba amekutana na mtu wa kwao ugenini, akaingia bila kununua chochote.

Nilipomaliza, Haji alikohoa.

"Umeniambia limeharibika," akasema. "Na mimi nimelisikia kwa masikio yangu. Sasa nimwamini nani?"

"Sijui, Haji."

"Basi nenda nalo ukajaribu tena."

Nilikwenda nalo, likanguruma tena. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu la umeme, nikasimama upande wa pili wa kanisa, nikavua viatu kwa ushauri wa mtu mmoja, nikavivaa kwa ushauri wa mwingine. Baridi ya Julai ilipoingia, hata nyuzi zikaanza kugeuka: nilizipanga asubuhi nyumbani, zikawa zimepanda nikifika mazoezini, na uzi wa chini ukawa unatetemeka juu ya vyuma vya shingoni kama nzi kwenye karatasi. Nikienda nalo Makambako kwa safari ya mbao, lilitulia na kuimba. Nilianza kushuku mikono yangu mwenyewe. Labda nilikuwa napiga vizuri Makambako tu, nikiwa mbali na macho ya kiongozi wa kwaya.

Wakati huo fundi wa kurekodi alikuwa ameshakubali kuja kutoka Mbeya na mitambo yake. Kiongozi alitangaza kwamba tutarekodi kwa kinanda cha kuazima, gitaa libaki nyumbani. Nilikaa kimya hadi watu wakatawanyika.

"Mzee," nikasema, "kwa nini tusirekodi Makambako?"

"Makambako wapi?"

"Kwenye ghala la Haji. Huko halingurumi."

"Kwaya ya kanisa, kwenye ghala la matairi la Mwislamu?"

"Ndiyo, Mzee."

Alinitazama kana kwamba mimi ni shahidi anayebadilisha maelezo. Lakini na yeye alikuwa amezisikia kanda za Iringa, na alijua zilianza na nini. "Kamuulize kwanza," akasema.

Haji alipoulizwa, aliuliza swali moja: "Mtaimba nini?"

"Nyimbo za dini yetu. Sitaki nikufiche."

Akafikiri, akichezea kifuniko cha kopo la grisi. "Kumsifu Mungu si matusi," akasema mwishowe. "Ila wakati wa swala mnyamaze. Na watu wako wasiguse betri, zina tindikali, zitawaharibia sare."

Tulikwenda wote juu ya lori la mume wangu, tumekalia mbao zake, akina mama wamejifunika makoti juu ya sare. Fundi wa Mbeya aliingia ghalani, akapiga makofi, akasikiliza, akafurahi: alisema matairi yanameza mwangwi, na kwamba amerekodi katika kumbi zilizo mbaya kuliko pale. Tukasimama kati ya marundo mawili ya matairi. Nikachomeka. Kimya kile kitamu. Kiongozi wa kwaya aligeuka kunitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akainua mikono.

Tulirekodi siku nzima. Adhana ilipolia tuliketi kimya, akina mama wakila viazi vya kuchemsha, na Haji na wapakiaji wakaenda msikitini na kurudi. Wimbo mmoja uliharibiwa na breki za lori, tukaurudia. Mwingine, wa mwisho, ulikuwa mzuri kuliko yote, na katikati ya ubeti wa pili, pale sauti zinaposhuka na gitaa linabaki peke yake, mtu akakohoa. Ni Haji. Alikuwa amesimama nyuma ya matairi muda wote, akisikiliza, na vumbi lilimshinda. Alitoka na kuomba radhi kwa aibu kubwa. Fundi alitaka turudie, lakini sauti za akina mama zilikuwa zimechoka na jua limeshuka. Tukauacha.

Kanda iliuzwa kanisani, sokoni, na kwenye stendi. Haikutufanya maarufu, ila ilipigwa, na siku moja niliisikia ndani ya basi la Songea nikanyamaza kama mwizi. Watu wengi waliniuliza ni nani anayekohoa. Kiongozi wa kwaya alikuwa na jibu lake: "Ni jamaa yetu wa Makambako." Nilimsikia akilisema mara nyingi, na kadiri alivyolisema ndivyo alivyozidi kulipenda.

Juu ya ubora wa gitaa lenyewe sikupata amani. Kabla hajaondoka, fundi wa Mbeya aliligeuza mikononi na kusema, "Mwili wake hauna maana, lakini shingo ni nzuri sana." Baadaye mpiga gitaa wa bendi moja alipita Njombe, akalijaribu nyumbani kwangu, akatazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, akasema, "Shingo imepinda, dada. Lakini mwili huu una sauti, usiuze." Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliuliza kama plaiwudi inaweza kuwa na sauti. Yule bwana akasema yeye hajui plaiwudi, anajua gitaa. Wakabishana hadi chakula kikapoa. Mimi nilikuwa naangalia mmoja, kisha mwingine, nikiona wote wawili wana hakika, na hakika hiyo nikiionea wivu.

Kisha ikaja Jumapili moja, baada ya masika. Kiongozi alikuwa amenikubalia nilichomeke kanisani kwa wimbo wa kutolea sadaka tu, kwa sauti ndogo, tuvumilie mngurumo. Nikachomeka. Nikasubiri.

Hakuna kitu.

Niligusa uzi. Sauti ikatoka safi, ikapanda hadi kwenye paa. Nyuma ya ukuta hakuna aliyeulizia saruji. Ilikuwa amplifaya ile ile, waya ule ule, tundu lile lile. Labda watu wa umeme walikuwa wamepita juma lile. Niliona nguzo mpya nje. Labda redio ya parokia ilikuwa imehamishwa. Labda hewa. Kiongozi aliniinamia, macho yamemtoka.

"Umelifanya nini?" akanong'ona.

"Sijalifanya kitu, Mzee."

"Lazima umelifanya kitu."

Waumini walikuwa wameshasimama na vikapu vinapita. Nikatikisa kichwa, nikaingia ubeti wa kwanza, na kwaya ikanifuata.